Kabla hujampa hesabu nyingine, mrushie chaki

Jioni moja kwenye banda letu la tuisheni hapa Kirumba, Mwanza, nilirusha kipande cha chaki juu, nikakidaka, nikakirusha tena. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa 34, na nadhani waliona ticha anapoteza muda. Nilikuwa nimetoka kuwarudishia zoezi la mwendo, na walikuwa wamelipiga vizuri kuliko nilivyoweza mimi nikiwa na umri wao. Kasi ya kuanzia, sekunde za kufika juu, kimo, vyote safi mpaka yuniti. Nikawauliza kitu kisicho na namba hata moja: chaki imeshatoka mkononi, bado inapanda, tukiacha habari ya hewa, hapo ilipo inasukumwa au kuvutwa na nini? Kila mtu aandike kwanza, asimwambie jirani.

Binti mmoja wa benchi la mbele, aliyekuwa na 18 kati ya 20, alisimama bila wasiwasi. "Viwili, ticha. Nguvu ya mkono inaipeleka juu, ya dunia inaivuta chini."

Ikifika juu kabisa?

"Zinakuwa sawasawa, ndiyo maana inasimama kidogo."

Halafu?

"Ya mkono inaisha, ya dunia inashinda, chaki inarudi."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nilipokusanya karatasi, wanne tu walikuwa wameandika kitu kimoja, mvutano wa dunia, na nilipowahoji mmoja wao alikiri kwamba alibahatisha.

Yale maelezo ya binti ni mazuri, tukubaliane. Yana mwanzo na mwisho, yanaeleza kwa nini chaki inapanda na kwa nini inashuka. Shida ni kwamba mkono ukishaachia, haupo tena kwenye habari hiyo. Tangu hapo kinachoishika chaki ni dunia peke yake, inaivuta chini wakati inapanda, inaivuta chini ikiwa juu kabisa, inaivuta chini ikirudi, kwa kiasi kilekile. Kinachopungua njiani ni mwendo. Kama pale juu kani mbili, yaani kule kusukuma na kuvuta, zingekuwa zimelingana kweli, chaki iliyosimama isingekuwa na sababu ya kuanza kushuka, ingening'inia hewani tukaenda nyumbani tukaiacha. Na huyu binti kwenye hesabu zake zote alikuwa ametumia mchapuko, yaani kiasi mwendo unavyobadilika kila sekunde, wa 10 kuelekea chini, safari nzima, bila kukosea. Mkono wake ulikuwa unaandika jambo ambalo kichwa chake hakiliamini.

Usiku ule nilikasirika kidogo, kisha nikaenda kusoma, nikakuta wenzetu walishakumbana na hili zamani. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake wa Arizona, Marekani, walichapisha jaribio la kuchagua majibu kuhusu kani na mwendo, halina hesabu ndani yake. Toleo linalotumika sana lina maswali 30. Ujanja wake uko kwenye majibu yasiyo sahihi: hayakutungwa hovyo, ni yale ambayo wanafunzi wenyewe huyaamini, kama ile nguvu ya mkono inayosafiri na chaki. Eric Mazur, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu cha Harvard, hukohuko Marekani, alipeleka jaribio la aina hii kwa wanafunzi wake akidhani litawachosha kwa urahisi. Mmoja wao akamuuliza ajibu kama alivyofundishwa, au kama yeye mwenyewe anavyofikiri. Hilo swali nimelibandika ukutani nyumbani. Halafu mwaka 1998 Richard Hake, mwanafizikia mwingine wa Marekani, alikusanya matokeo ya majaribio ya aina hii kwa wanafunzi zaidi ya 6,000 katika kozi 62. Akaangalia kila kozi ilipoanza palikuwa na pengo kiasi gani kufikia alama zote, na mwisho wa kozi pengo hilo limezibwa kiasi gani. Kozi za mwalimu kuongea na wanafunzi kunakili ziliziba kwa wastani asilimia 23 hivi. Zile ambazo wanafunzi wanabishana na kujaribu ziliziba kama 48. Kwa hiyo usimwonee mtoto wa Kirumba. Wa Harvard naye alikwama kwenye jiwe lilelile.

Ila sisi tuna la kwetu la nyongeza, nalo ni lugha. Shule ya msingi tumesoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza tukahamishiwa Kiingereza, na mtihani wa taifa wa fizikia unakuja kwa Kiingereza. Mwanafunzi anakariri maana ya fosi, yaani kani kwa Kiingereza, kama anavyokariri wimbo, neno kwa neno, na ukimpa alama kwa wimbo huo hutajua kamwe anachofikiri. Muulize kwa Kiswahili, lakini nako uwe macho, kwa sababu neno letu "nguvu" limebeba mizigo mingi mno. Injini ina nguvu, uji una nguvu, mkono una nguvu, na nguvu huisha. Ukisema nguvu, mtoto anasikia kitu kilichomo ndani ya jiwe, kama mafuta ndani ya tenki, na mafuta lazima yaishe. Ndiyo maana siku hizi nasema "kani", na hata hilo nalikwepa siku ya kwanza. Nasema kuvuta na kusukuma. Kisha nauliza: nani anavuta? Kama hawezi kumtaja anayevuta, hiyo kani ameitunga.

Uzito ni hivyohivyo. Nenda soko la samaki la Mwaloni asubuhi uone sangara wanavyopimwa, kila mtu anasema uzito ni kilo 12, na hakuna wa kumkosoa muuza samaki, yuko sahihi sokoni kwake. Darasani napeleka swali hili: sangara wa kilo 12 ukimpeleka mwezini, ambako mvutano ni karibu moja ya sita ya huu wetu, mizani ya kuning'iniza yenye mshale itasoma ngapi? Na mizani ya kusawazisha kwa mawe, je? Wengi watasema zote zitasoma mbili. Ule mshale ndio utakaosoma mbili. Ile ya mawe itasoma 12 palepale, kwa kuwa mawe nayo yamepungukiwa kama samaki alivyopungukiwa. Mwanafunzi akishabishana hapo dakika kumi, humhitaji tena kukariri tofauti ya tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe, na uzito, yaani kinavyovutwa.

Sasa namna ya kuuliza, maana nilikosea sana mwanzoni. Kosa la kwanza, nilitoa alama. Wakaanza kunitafutia jibu ninalolitaka mimi, na wengine wakaulizana usiku kwenye simu. Usitoe alama. Kosa la pili, niliwaacha wanyooshe mikono. Mkono wa mwenye sauti ukinyooka, darasa zima linamfuata. Siku hizi natoa majibu matatu ya kuchagua: la kwanza ni kidole kimoja, la pili viwili, la tatu vitatu, vidole vinabanwa kifuani na nikihesabu tatu vinaonyeshwa pamoja. Wakipata karibu wote, napita. Wakikosa karibu wote, nimefundisha vibaya, narudi nyuma. Wakigawanyika, hapo ndipo penye utamu, nasema kila mtu atafute jirani aliyetofautiana naye amshawishi, na mimi nazunguka kusikiliza. Nasikiliza sababu kuliko jibu. Kuna siku kijana alipata jibu sahihi kuhusu daladala inayofunga breki ghafla, halafu akamweleza mwenzake kuwa breki ndiyo inayomrusha abiria mbele. Hakuna anayemrusha, yeye anaendelea na mwendo aliokuwa nao, gari ndilo lililosimama. Ningeangalia kidole chake peke yake ningempongeza.

Halafu usiwaambie jibu upesi. Hili ni gumu kwangu hadi leo, mimi ni mtu wa maneno mengi. Na ukishalitoa, rudi na swali lilelile baada ya wiki tatu likiwa limevaa nguo nyingine, maana chaki wataikumbuka, ila ukiwapa embe lililorushwa na mtoto, nusu yao watarudisha nguvu ya mkono.

Jingine nililojifunza, usiamini kitabu kuliko kituo ulichopo. Waulize maji yakichemka jikoni kwao Mwanza yanafika nyuzi ngapi, wote wataandika 100. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 96 au karibu na hapo. Leta kipimajoto wajionee. Kwenye mtihani waandike 100 kama swali halisemi mahali, hilo nawaambia waziwazi, sitaki kesi na wazazi.

Swali nilipendalo kuliko yote alinipa mjomba wangu, mvuvi wa Kayenze, na mimi mwenyewe nikalikosa mbele ya watoto wake. Mtumbwi unaelea kwenye bwawa dogo, ndani yake kuna jiwe la nanga. Ukilitupa majini likazama, maji ya bwawa yatapanda, yatashuka, au yatabaki? Nikajibu kisomi kabisa: yatabaki. Mjomba hakunibishia, akasema tu, "Haya, mwanangu, wewe ndiye umesoma."

Nilijaribu nyumbani. Beseni, sufuria ndogo ya kuelea, jiwe la kokoto kubwa, na alama ya kalamu ukingoni mwa maji. Nilipolitoa jiwe kwenye sufuria nikaliachia majini, maji yakashuka chini ya alama. Jiwe likiwa chomboni linasogeza maji yenye uzito sawa na wake. Likiwa chini kabisa linasogeza ujazo wake tu, na jiwe la granite la huku kwetu ni zito zaidi ya mara mbili na nusu ya maji ya ujazo huohuo.

Niliporudi Kayenze na beseni langu kumwonyesha, mjomba alitazama hadi mwisho, akaizamisha sufuria kwa kidole. Maji yakashuka tena. "Hiyo ya bati," akasema. "Sasa na mtumbwi wa mbao ukijaa maji?" Nikafikiri kabla ya kujibu safari hii. Mbao haizami, mtumbwi uliojaa maji unabaki juujuu, unasogeza uleule uzito wake, kwa hiyo alama haitahama. Mjomba akacheka, akasema ndiyo maana wao wakipinduka huambiana wasiuache mtumbwi.

Mwanawe wa mwisho, wa darasa la sita, alikuwa amechuchumaa pembeni ya beseni muda wote. "Na ukiwa na injini je?" akauliza. Tukaenda kutafuta kibao na msumari mzito.