Umri na kazi ya serikali Marekani: siku zako zinaanza lini, zinaisha lini

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi nina miaka 56, nafanya kazi kwenye ofisi moja ya serikali kuu ya Marekani, yaani federo. Niliomba promosheni, intavyuu ikaenda vizuri tu, tarehe 3 Machi nikapata imeili kwamba sikuchaguliwa. Aliyepewa ana miaka 31 na mimi ndo nilimfundisha kazi alipoingia. Supavaiza alisema mbele za watu kwamba timu inahitaji damu changa. Nikaenda HR wakaniambia nisubiri wanaliangalia, mtu wa chama cha wafanyakazi naye anasema niandike grivansi, yaani lalamiko la kimkataba kupitia chama. Leo tarehe 7 Aprili bado nasubiri. Mwenzangu ananiambia sheria inanipa siku 180 kwa hiyo nisihangaike, ni kweli?
Mama Federo

JIBU: Dada yangu, hangaika, tena leo. Ndo maana nilikujibu kwa imeili siku ileile, sikusubiri toleo hili.

Kwa mfanyakazi wa federo namba ya kwanza kuijua ni 45. Ndani ya siku 45 unatakiwa uwe umeshawasiliana na kaunsela wa EEO, yaani wa fursa sawa za ajira, wa hiyohiyo taasisi inayokuajiri, na hapa ndo watu wanapojikwaa kila siku, mtu anadhani akiongea na HR ameshalalamika, akimwandikia bosi wa bosi wake ameshalalamika, wapi! HR wanaweza kukuambia subiri kwa nia nzuri kabisa huku siku zako zinakatika na hakuna atakayekurudishia. Na siku zenyewe ni za kalenda, wikiendi zimo. Wewe tunahesabu kuanzia ile imeili ya Machi 3, kwa hiyo siku ya 45 ni Aprili 17. Siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya federo inasogezwa mpaka siku ya kazi inayofuata, ila mimi singecheza na hiyo.

Usiende kwa mdomo tu. Andika imeili fupi kwa ofisi ya EEO: "Naomba kaunsela wa EEO. Nataka kuanza malalamiko ya ubaguzi wa umri kuhusu promosheni niliyonyimwa tarehe 3 Machi." Basi, hadithi ya damu changa utaisimulia ukikaa naye. Cha muhimu ni ionekane kwa maandishi kwamba ulitaka kuanza mchakato na ulitaka lini. Hifadhi kopi nje ya kompyuta ya kazini, maana siku wakikukatia akaunti imeili zako zote zinabaki kwao. Na kama unaogopa jina lako kusambaa ofisini, una haki ya kumwambia kaunsela asilitaje mpaka utakapofungua malalamiko rasmi.

Kaunsela ana siku 30, zinaweza kuongezwa ukikubali, na mkichagua usuluhishi zinafika 90. Msipoelewana anakupa notisi ya haki ya kufungua malalamiko rasmi, na kuanzia siku unayoipokea unazo siku 15 tu. Kumi na tano! Mtu amengoja miezi mitatu kwa utulivu, notisi inakuja kwenye imeili wakati yuko likizo, akirudi zimebaki mbili. Hayo malalamiko rasmi unayapeleka kwenye ofisi ya EEO ya taasisi yako, siyo kwa EEOC, ile tume ya serikali kuu ya fursa sawa za ajira, wengi wanakosea hapo pia. Baada ya hapo taasisi ina siku 180 za kuchunguza, ukikabidhiwa faili la uchunguzi unazo 30 za kuomba usikilizwe na jaji wa EEOC, au uache taasisi itoe uamuzi wake yenyewe, na mimi kusema kweli sioni raha ya kumwachia anayelalamikiwa ajihukumu, ila sheria inaruhusu. Uamuzi wa mwisho ukitoka unazo 90 za kwenda mahakamani.

Sasa hizo 180 za mwenzako hajazitunga, zipo. Sheria ya ubaguzi wa umri ya 1967, ile ADEA inayowalinda wenye miaka 40 na kuendelea, inampa mtu wa federo mlango wa pembeni: unaweza kuruka yote niliyoyasema na kwenda moja kwa moja mahakama ya federo, ila lazima uiandikie EEOC kwamba una nia ya kushtaki, barua iwafikie ndani ya siku 180 tangu tukio, halafu usubiri angalau siku 30 kabla ya kushtaki. Kwako ni mpaka Agosti 30. Mahakama ya Juu mwaka 1991 ilishasema kinachotakiwa ndani ya hizo 180 ni ile notisi, siyo kesi yenyewe.

Lakini mlango huo ni wa umri peke yake. Kama kuna harufu ya rangi, jinsia au nchi uliyotoka ndani ya hiyo promosheni, madai hayo hayapiti huko, yanataka zile 45. Kwa hiyo hata ukiupenda mlango wa pembeni wasiliana na kaunsela kwanza, wakili utamtafuta ukiwa bado una njia mbili mkononi.

La grivansi nalo ulishike. Kwa taasisi nyingi za federo, kama mkataba wa chama unaruhusu kulalamikia ubaguzi kwa grivansi, sheria inakulazimisha uchague moja, grivansi au EEO. Kile utakachowasilisha kwanza kwa maandishi ndo umechagua. Kuongea na kaunsela bado siyo kuchagua, kuandika grivansi ni kuchagua. Huyo mtu wa chama mwambie asubiri kidogo.

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mzee wa miaka 61, fundi wa magari ya kaunti. Januari 12 nilipewa barua kwamba nafasi yangu inafutwa, siku yangu ya mwisho ni Juni 30. Vijana wawili wa kazi ileile wamebakishwa. Nimekata rufaa ndani ya kaunti, bado wanakaa vikao. Nikimaliza Juni nataka nilalamike, nitakuwa na muda gani? Nasikia kuna 45.
Fundi

JIBU: Shikamoo mzee. Ya 45 siyo yako, hiyo ni ya federo. Wewe ni mtu wa kaunti kwa hiyo unaenda EEOC moja kwa moja kama mfanyakazi wa kampuni binafsi, na una siku 180, au 300 kama jimbo lako lina sheria yake inayokataza ubaguzi wa umri kazini na chombo cha kuisimamia. Majimbo mengi yanayo. Angalia jimbo, siyo mji, maana kwenye umri sheria ya mji au kaunti peke yake haikuongezei siku.

Kinachonitisha ni hiyo Juni 30 yako. Siku hazihesabiwi tangu siku ya mwisho kazini, zinahesabiwa tangu ulipoambiwa, mahakama ilishasema hivyo tangu 1980 kwenye kesi ya mwalimu wa chuo aliyepewa mkataba wa mwisho wa mwaka mmoja akaanza kuhesabu ulipokwisha. Kwako ni Januari 12, kwa hiyo kama jimbo lako ni la 180 unafika Julai 11 hivi, ukisubiri Juni 30 umebakiwa na siku kumi na moja za kutafuta karatasi. Na hiyo rufaa ya ndani haisimamishi chochote, ilishaamuliwa 1976, vikao vya kaunti vinaweza kwenda mpaka Desemba wao hawana shida. Endelea nayo, ila fungua na EEOC sasa, iwe kwenye tovuti yao au ofisini kwao. Siku 60 baada ya kufungua unaweza kwenda mahakamani, huhitaji kungoja barua ya ruhusa kama kesi za rangi au jinsia, lakini wakikutumia notisi kwamba wamemaliza na faili lako unazo 90.

Kama kaunti yenu ni ndogo wasikutishe, tangu uamuzi wa 2018 sheria hii ya umri, ADEA, inazibana serikali za mitaa hata zikiwa na wafanyakazi wachache. Mwenye shida ni aliyeajiriwa na jimbo lenyewe: tangu 2000 hawezi kulishtaki mwenyewe kudai fidia kwa ADEA, inabidi EEOC imsimamie au atumie sheria ya jimbo lake. Huyo aanze na chombo cha jimbo, na aulize dedlaini yao maana haifanani na ya EEOC.

SWALI: Anti, niko federo, miaka 58. Walinibana na maneno ya "lini unastaafu" mpaka nikaandika barua ya kuacha kazi wiki tatu zilizopita. Maneno yenyewe yalianza mwaka jana. Nimechelewa?
Nimechoka

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kwa kusukumwa mpaka ukaacha, hapana. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2016 kwamba mtu wa namna yako zile 45 zinaanza siku alipotoa taarifa ya kuacha, siyo siku ya tusi la mwisho. Wiki tatu ni 21, zimebaki 24. Kama kati ya hayo ya mwaka jana kuna tukio linalosimama lenyewe, labda walikushusha cheo, hilo lilikuwa na 45 zake na yawezekana zimeshapita, ingawa kama hukuwahi kuambiwa kuhusu dedlaini hizi na hukuwa na namna ya kuzijua sheria inaruhusu kuongezewa muda. Uwe tayari, taasisi itakuja na picha ya bango la EEO lililobandikwa ukutani kwenye chumba cha chai. Mwandikie kaunsela kesho asubuhi, tarehe ya barua yako ya kuacha iweke mstari wa kwanza.