Fensi ya mtandamboo kijani tele lakini haizai, shida nini?

Swali: Niko Machakos, nina fensi ya mtandamboo, huu mwaka wa nne, kijani mwaka mzima ila matunda ni mawili matatu tu. Kijana anaipiga mkasi kila mwezi ikae sawa. Halafu jirani ananiambia niing'oe eti ni mti wa sumu ya mishale. Nifanyeje?

Jibu: Dada, tuanze na la jirani maana hilo si la kupuuza. Mtandamboo, ama mukawa huko kwenu, una ndugu yake anaitwa msunguti, na huo ndio wazee walikuwa wanauchemsha kupata sumu ya mishale. Wamefanana sana: wote majani hayapukutiki, maua meupe yenye kaupinki yananukia vizuri, ukikata tawi unatoka utomvu mweupe, na tunda likiiva ni zambarau karibu nyeusi. Cha kuangalia ni miiba. Mtandamboo una miiba mirefu, migumu, imenyooka, msunguti hauna kabisa. Sasa pita fensi yote shina kwa shina, usiangalie moja ukaridhika, hasa kama miche iliokotwa porini. Lisilo na miiba vaa glavu uling'oe, na kuni zake zisiingie jikoni.

Ukishahakikisha, basi shida yako ni huo mkasi. Mtandamboo unatoa maua kwenye ncha za matawi, kijana akipita kila mwezi anaondoka na ncha zote, matunda yatoke wapi? Ukitaka fensi iliyonyooka kama ukuta na matunda upande huohuo, sahau. Mimi ningekata upande wa barabara tu, wa ndani nauacha ujiachie, nakuja kupunguza kidogo baada ya kuvuna. Kama kuna mti mkubwa unaufunika punguza kivuli, unapenda jua. Urea achana nayo, utapata majani tu, mvua zikianza weka samadi iliyooza inatosha.

Ukitaka kuongeza miche toa mbegu kwenye tunda lililoiva, osha nyama yote, anika kivulini kidogo tu kisha panda wikiendi hiyohiyo, ukiziweka kwenye bahasha zikae zinakufa. Mwanzoni inakua polepole, usikate tamaa.

Kuchuma nako, ngoja liwe jeusi na liachie lenyewe ukiligusa, ukivuta likatoa maziwa liache kwanza, ni chachu. Ila usichelewe, ndege nao wanalisubiri.