Sampu ya 1988 kwenye injini ya 1972

Swali: Nina pikapu ya Chevrolet C10 ya 1972, injini 350 (inchi za ujazo), hapa Maskati. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, imepasuka. Fundi ana sampu ya kromu iliyotoka kwenye 350 ya 1988, anasema akiipaka silikoni ya kutosha itakaa. Niichukue?

Jibu: Usiichukue. Kuanzia 1986 sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini, ni kipande kimoja badala ya viwili, na upinde wa sampu upande huo ukabadilika. Bolti zitaingia, oili itatoka.

Tazama kwanza kijiti cha kupimia oili kinaingilia wapi kwenye bloku, maana pikapu ya umri huo huenda ilishabadilishwa injini. Kikiwa kushoto, upande wa dereva, tafuta sampu ya kabla ya 1980. Za 1980 hadi 1985 zina kijiti kulia. Halafu pima kina cha upinde wa mbele wa sampu kutoka usawa wa ukingo: milimita 57 hivi ni sili ya mbele nyembamba, 60 ni sili nene, iliyoanza 1975. Nunua gasketi kwa kipimo hicho.

Sasa hiyo silikoni. Kazi yake hapa ni tone la ukubwa wa punje ya choroko kwenye kona nne, pale gasketi za ubavuni zinapokutana na sili za mbele na nyuma. Basi. Ukiipaka kama siagi kwenye mkate, bolti zikikazwa nusu yake inaminyikia ndani, inakauka, inakatika vipande, na strena (chujio kwenye mdomo) ya pampu ya oili inavivuta. Nje pakavu kabisa, fundi anasifiwa, huku beringi za krenki zinakufa kwa kiu. Na silikoni ya kuzibia madirisha ndiyo mbaya zaidi, haivumilii oili ya moto.

Wanaoiabudu silikoni ni walewale wanaokaza hadi bolti ilie. Ukingo wa bati unabonyea kila penye tundu na kuvuja katikati. Unyooshe kwa nyundo juu ya kipande cha chuma bapa, kisha kaza bolti za robo inchi Nm 9 tu, na zile nne kubwa za mwisho Nm 18.

Kabla ya kufunga, weka plastisini (udongo laini wa kufinyangia) juu ya strena, pachika sampu na gasketi yake, ivue, upime unene wa plastisini: strena iwe milimita 6 hadi 10 kutoka sakafu ya sampu. Sampu iliyobonyezwa na jeki haifikii nafasi hiyo.

Ukifunga vyema na bado oili inadondoka kwenye maungio ya giaboksi, iache sampu. Safisha injini, ukague sili ya nyuma ya krenki na gasketi za vifuniko vya valvu.