Poti ya WAN ikisumbua, usikimbilie kuilazimisha kasi

Intaneti ikisuasua, wengi huingia kwenye ruta na kuilazimisha poti ya WAN (ile inayoelekea kwenye modemu) iende Mbps 100, dupleksi kamili, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Balaa huanzia hapo. Modemu upande wa pili bado iko kwenye auto, yaani inasubiri kupatana na mwenzake kuhusu kasi na dupleksi, na haipati wa kupatana naye. Kasi itaitambua yenyewe kwenye waya, lakini dupleksi haina namna ya kuijua, kwa hiyo inaangukia nusu dupleksi, kutuma na kupokea kwa zamu. Taa zinawaka, ping inajibu. Ukianza kupakua faili kubwa, kasi inaporomoka: ruta inatuma wakati wowote, modemu inadhani ni mgongano na kukatiza fremu zake (vifurushi vya data kwenye waya). Kwenye ruta ya Cisco, `show interfaces` itakuonyesha makosa ya CRC (fremu zilizofika zimeharibika) yakipanda kila ukirudia amri. Ni pande zote auto au pande zote kwa mkono, basi. Na kwa gigabiti ya waya wa shaba hakuna mjadala, mapatano ni lazima.

Je, poti ya gigabiti imeng'ang'ania 100? Shuku waya kwanza. Mbps 100 zinatosheka na pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inazitaka zote 8. Pini ya 4 au ya 7 ikiwa haijashika vizuri kwenye plagi, vifaa vingi hushuka kimyakimya. Weka waya wa Cat5e ulio mzima, usiozidi mita 100, kisha angalia tena. Kwenye ruta za Linux amri ni `ethtool eth0`, ingawa jina la poti linaweza kuwa jingine.

Tovuti baadhi zikifunguka na nyingine zikiganda, hiyo mara nyingi ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita bila kugawanywa. PPPoE, njia ya kuunganisha kwa jina na nywila inayotumiwa na baadhi ya watoa huduma, inakula baiti 8 kati ya 1500, zinabaki 1492. Pima kwa kompyuta ya Windows:

`ping -f -l 1464 8.8.8.8`

Hizo 1464, ukijumlisha 28 za vichwa vya IP na ICMP, ni 1492. Ikipita 1464 na kugoma 1465, uko sawa. Ikigoma mapema, punguza hadi ipite, ongeza 28, hiyo ndiyo MTU yako. Kwa 1492, MSS ya TCP (kiwango cha juu cha data tupu ndani ya pakiti moja) iwe 1452.

Ila 1492 iandikwe kwenye kiolesura cha PPPoE. Poti yenyewe ya Etheneti ibaki 1500. Ukiishusha nayo, PPPoE itakata 8 zake tena na utabaki na 1484.