Mbwa wangu, rafiki yangu

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Muhula mmoja wa kusoma nje ya nchi: ulirudi na nini?", nimelisoma asubuhi kwenye daladala, na nilipofika kituo cha kushukia nilikuwa nimeshakasirika. Hamjanikosea kitu. Ni kwamba wiki mbili zilizopita dada yangu alinipigia simu kuniambia mwanawe amepata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani kuanzia Oktoba, muhula mmoja tu, akataka kujua nasemaje mimi niliyewahi kwenda. Nikamwambia asiende. Dada akanyamaza, kisha akaniaga. Mpaka leo hatujazungumza.

Kwa hiyo nitajibu, lakini naomba nianze na nilichokwenda nacho, kwa sababu nilichorudi nacho hakieleweki bila hicho.

Nilikwenda Hamburg Oktoba 2018 nikarudi Machi 2019. Nilikuwa mwaka wa tatu, nasoma sosholojia Dar es Salaam. Begi alinifungia mama mwenyewe nyumbani Bagamoyo: sembe kilo tano, dagaa wa kukaanga, pilipili, vitenge vitatu vya zawadi. Kichwani nilikuwa na Kiingereza cha kutosha, Kijerumani cha miezi mitatu, na ile A ya Kiswahili ya kidato cha nne ambayo tangu nimalize shule sikuwahi kuifikiria tena. Nani hufikiria Kiswahili chake?

Habari za baridi na za maduka kufungwa Jumapili mmeshazisikia. Desemba kule jua linazama saa kumi jioni, na asubuhi linachomoza saa mbili na nusu. Kilichonituliza moyo kilikuwa kivuko namba 62, kinachotoka Landungsbrücken kuvuka mto Elbe mpaka Finkenwerder. Kadi yangu ya usafiri ya mwanafunzi ilikitosha. Jumamosi nilikuwa nakipanda bila safari yoyote, nasimama juu kwenye upepo, namkumbuka kila mtu niliyewahi kubanana naye kwenye pantoni ya Kigamboni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Chuo Kikuu cha Hamburg kinafundisha Kiswahili. Mwalimu wa somo hilo, Mjerumani, aliposikia nipo akaniomba niwe naingia darasani kwake kila Jumanne nizungumze na wanafunzi nusu saa. Nilikubali upesi. Mahali ambapo kila siku nilikuwa naomba kuelekezwa, kuanzia kutenganisha taka mpaka kununua tiketi, hatimaye palikuwa na chumba kimoja ambamo mimi ndiye mjuzi.

Walikuwa wanane. Saba vijana, na mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, mstaafu wa bandarini. Kule wazee wanaruhusiwa kulipa ada na kukaa darasani pamoja na vijana, na huyu alichagua Kiswahili kwa sababu alikuwa na mpango wa kwenda Tanga kuona bandari. Siku ya kwanza alisimama akaniambia, "Shikamoo, mwalimu." Nywele zake nyeupe kabisa, mimi nina miaka 23. Nilishtuka nikamwambia hapana Mzee, shikamoo natoa mimi, wewe unaitikia marahaba. Akakaa chini, akafungua daftari, akaandika. Kila nilichosema alikiandika na tarehe yake.

Basi Jumanne moja ya Novemba mwalimu alitoka kidogo, nikabaki nao peke yangu. Mzee akanyoosha mkono. Aliongea polepole, kila neno analiweka mahali pake. "Dada, tunasema mbwa wangu amekuja. Tunasema rafiki yangu amekuja. Wote wawili wamekuja, wote wana a-. Kwa nini mbwa ana wangu, na rafiki ana yangu?"

Nilifungua kinywa. Nikarudia yale maneno kwa sauti, mbwa wangu, rafiki yangu, mbwa wangu, rafiki yangu, kama vile nikiyasema mara nyingi jibu litadondoka. Maisha yangu yote nimeyasema na sikuwahi kuona kwamba yanatofautiana. Watu wanane wananitazama. Nikasema, "Ndivyo tunavyosema."

Mzee akainama akaandika. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasoma anachoandika: *ndivyo tunavyosema*. Akaweka nukta. Kisha akainua uso akasubiri, akidhani nimevuta pumzi tu na maelezo yanakuja.

Naomba mnielewe. Hakunitega. Alikuwa mtu mpole ambaye ameona kitu kwenye lugha yangu ambacho mimi sijawahi kukiona, akanijia kwa heshima akiamini mimi ndiye ninayeifahamu zaidi. Nilimwambia nitamjibu wiki ijayo.

Usiku ule nilikaa jikoni kwenye hosteli na karatasi. Baba yangu, mama yangu, dada yangu, jirani yangu, adui yangu. Halafu mbuzi wangu, kuku wangu, paka wangu. Halafu mtoto wangu, mume wangu, na hapo kila nilichokuwa nimeanza kukipanga kikavurugika. Nikampigia mama. Nilisahau kwamba Jumapili ya mwisho ya Oktoba wenzetu wanarudisha saa nyuma, tofauti yetu ikawa saa mbili badala ya moja, kwa hiyo nilimpata saa tano na nusu usiku. Alipokea akitetemeka, akijua kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba mama, nataka kujua kwa nini tunasema rafiki yangu lakini mbuzi wangu.

Kimya. Kisha mama, ambaye aliishia darasa la saba, akasema, "Mbuzi nimemnunua. Kesho nikitaka namuuza. Rafiki utamuuza wapi?"

"Na mtoto, mama? Mbona tunasema mtoto wangu?"

"Wewe si wangu?" Akacheka. "Lala mwanangu, huko kuna baridi."

Wiki iliyofuata nilipeleka jibu la mama darasani, na mwalimu, bila kulidharau, akatueleza la kisarufi. Mtoto na mume wana ile m- ya ngeli ya watu, kwa hiyo moja kwa moja wanapata wangu. Rafiki, dada, jirani hawana m- hiyo, umbo lao linafanana na nyumba, wakachukua yangu kama nyumba yangu, ingawa kitenzi na kivumishi vinawatambua kuwa ni watu: rafiki yangu mkubwa amekuja. Wanyama wamepewa wangu, lakini wakiwa wengi utasikia mtu anasema mbwa zangu. Mzee aliandika yote mawili, la mama juu, la mwalimu chini.

Ilikuwa siku hiyohiyo mwalimu aliponiuliza natoka wapi, nikasema Bagamoyo. Uso wake ukachangamka. "Basi unamjua Mtoro bin Mwinyi Bakari!"

Sikumjua. Nikaelezwa, mimi, na Mjerumani, ndani ya Hamburg, kwamba mtu wa kwetu Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na ameandika mengi kuhusu mila na desturi zetu ambayo watafiti wanayasoma mpaka leo. Alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 aliporudi naye nyumbani serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka, wakarudishwa Ulaya. Baadaye alifanya kazi hapohapo Hamburg. Alifia Berlin mwaka 1927.

Mimi nimezaliwa na kukulia Bagamoyo. Tangu shule ya msingi ningeweza kukupeleka penye mnara wa kanisa la misheni ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kusafirishwa kwao. Maiti ya mgeni iliyopita kwetu tulifundishwa, tukapelekwa kuona, tukaandika insha. Mtu wetu aliyezuiwa kurudi nyumbani kwake hakuna aliyenitajia. Hilo bado linaniuma ninapoandika hapa.

Ndiyo maana nilimwambia dada mwanawe asiende. Nilitaka kusema tunawapeleka watoto wakiwa watupu, wanakwenda kuulizwa habari za kwao na watu wanaozijua kuwazidi, halafu wanarudi tunawaambia wamefunguka macho. Atulie kwanza, asome ya kwake, ya watu atayakuta. Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nimekusudia kuishia hapo.

Lakini nimekuwa najiuliza tangu ile aya ya mama. Nimerudi miaka kadhaa sasa, nafanya kazi Dar, nazungumza Kiswahili kuanzia alfajiri mpaka nalala. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza swali kama la yule mzee. Nisingekwenda, ningetulia na A yangu mpaka kufa. Na mama: kabla ya usiku ule simu zetu zilikuwa umekula, umelala, usitembee usiku. Baada ya hapo akawa ananipigia mwenyewe, saa yoyote, kuniambia neno alilolikumbuka shambani au msemo wa bibi yake ambao mimi sikuwahi kuusikia. Mpaka leo anafanya hivyo. Ninalo daftari, na kila neno nimeliwekea tarehe.

Basi aende. Sikutegemea kuliandika, lakini aende.

Ila ahakikishe mkataba wa masomo, ule wa kukubaliana masomo gani ya kule yatahesabiwa huku, umesainiwa na pande zote kabla hajapanda ndege. Masomo manne niliyofaulu kule hayakuhesabiwa niliporudi, nikachelewa kuhitimu mwaka mzima, na kwa kijana anayetegemewa nyumbani mwaka mmoja ni mwingi. Kama chuo chake kinasuasua kusaini, narudi kwenye msimamo wangu wa kwanza. Sembe asibebe; kama ni Hamburg anakokwenda, mtaa wa Steindamm kuna maduka anakoweza kutafuta unga. Nafasi hiyo ya begi aweke kitabu cha sarufi. Na kabla ya kuondoka akalale Bagamoyo kwa bibi yake siku tatu, simu aizime, amuulize chochote.

Dada yangu jarida hili humfikia kwa kuchelewa, kwa hiyo nitampigia leo jioni mwenyewe.

Msomaji, Dar es Salaam