Antaktika: meli ya watu 100 au ya 400?

Umeuliza kama meli ya abiria 100 inafaa kulipiwa zaidi kuliko ya 400. Kwa Antaktika inafaa, na sababu ni muda wa kukaa nchi kavu. Kanuni inaruhusu abiria 100 tu kwa wakati mmoja sehemu moja ya kushukia. Meli yenye zaidi ya abiria 500 haishushi mtu kabisa. Mkiwa 400 mnagawanywa makundi manne: moja liko ufukweni na pengwini, mengine yanazungushwa kwa boti za mpira au yanasubiri melini. Upepo ukibadilika ghafla, kundi la nne ndilo linalokosa. Svalbard, visiwa vya Norway karibu na Ncha ya Kaskazini, nako wamebana: tangu Januari 2025, meli yenye abiria zaidi ya 200 haingii maeneo ya hifadhi.

Ubaya wa meli ndogo ni kuyumba. Kuvuka Drake Passage, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, ni kama siku mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo chagua kabini ya katikati, sitaha ya chini. Wengine huiruka kwa ndege kutoka Punta Arenas, Chile, hadi King George Island, kisiwa cha Antaktika, kama saa mbili hivi, lakini ukungu ukitanda ndege haitui. Uliza mapema nani analipia siku za kusubiri.

Halafu safisha soli za mabuti, mifuko na mikunjo ya suruali kabla ya kufunga begi. Wahudumu wa meli watakagua ili mimea ya kigeni isiingie Antaktika, na mbegu moja ya nyasi ikinasa utaichokoa kwa pini wakati wenzako wanapanda boti.