Wakili mpya, jua mhuri wako unaishia wapi

Ukishapata cheti cha uthibitishaji wa umma na ukamishna wa viapo, yaani ruhusa ya kushuhudia hati na kuapisha watu, wateja wako wa kwanza hawatakuwa wa kesi kubwa. Watakuwa wale wa "wakili, nigongee tu hapa, nina haraka." Hapo ndipo mawakili wengi wachanga hujikwaa, maana kazi inaonekana ya dakika mbili. Sheria inayokuongoza Tanzania Bara, Sura ya 12, ni fupi mno. Isome yote, lakini vifungu vya 7 na 8 vijue kwa moyo.

Kifungu cha 7 kinakukataza kuapisha katika shauri ambalo wewe ni wakili wa upande wowote, au karani wa wakili huyo, au una maslahi nalo. Kwa hiyo kama maombi ya mahakamani umeyaandaa wewe, kiapo cha maandishi cha mteja wako kikaapiwe kwa wakili mwingine. Usimpeleke kwa mwenzako mnayeshirikiana naye ofisi. Hata ukiwa na hoja ya kujitetea, umeshampa mpinzani pingamizi la bure. Vuka barabara, lipa ada, rudi.

Kifungu cha 8 kinataka jina lako, mahali na tarehe ya kuapa vionekane kwenye jurati, yaani ile sehemu ya mwisho ya kiapo unayojaza wewe. Makosa mengi huanzia kwenye kompyuta ya karani. Kiolezo cha mwaka jana kina "Dar es Salaam" iliyokwisha kuchapwa, muapaji kaapa Morogoro, hakuna aliyebadilisha. Mahali na tarehe viache wazi, uvijaze kwa kalamu muapaji akiwa bado kakaa mbele yako. Jina liandike ndani ya jurati yenyewe. Usitegemee mhuri pekee, kwa sababu wino ukififia utaanza kubishania kama jina lipo au halipo.

Jurati pia inauliza unamfahamu vipi huyu mtu: unamjua mwenyewe, au ametambulishwa kwako na mtu unayemjua? Chagua moja, nyingine ikate. Ukiacha zote mbili, au ukaacha nafasi ya mtambulishaji tupu, jurati ina kasoro, na viapo vya namna hiyo vimekwisha kutupwa mahakamani pamoja na maombi yaliyoviegemea. Angalia na dini: kwa desturi ya mahakama zetu Mkristo "anaapa" na Muislamu "anathibitisha". Kiolezo cha mmoja kisimpe mwingine maneno yasiyo yake. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, aweke dole gumba, na jurati iseme kwamba amesomewa na ameelewa.

Neno "mbele yangu" lina uzito wake. Karatasi iliyosainiwa nyumbani na kuletwa na bodaboda hukuiona ikisainiwa. Picha ya WhatsApp vilevile. Ukigonga, unaandika uongo kwa jina lako, na Kamati ya Mawakili, inayosimamia nidhamu yetu, haitauliza mteja alikuwa na haraka kiasi gani.

Kwenye mauzo ya nyumba, kaa macho zaidi. Mwenzi wa ndoa anatakiwa aridhie, na ujanja wa kuleta "mke" wa kukodi ni wa zamani. Omba kitambulisho cha NIDA cha kila anayesaini. Namba yake ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zilinganishe na tarehe iliyo kwenye kadi na sura iliyo mbele yako. Mwombe cheti cha ndoa, ukishike wewe, umuulize mambo mawili matatu yaliyomo. Mwenye haki hakasiriki. Anayekasirika, mwache aende.

Nakala za vyeti ndizo zitakuletea watu wengi, hasa msimu wa maombi ya ajira. Shika cheti halisi mkononi, linganisha ukurasa kwa ukurasa, kisha gonga. Fahamu ulichothibitisha: kwamba nakala inafanana na karatasi uliyoonyeshwa. Hujasema cheti chenyewe ni cha kweli. Ndiyo maana Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na mhuri wako hauzibi pengo hilo. Mwambie mwanafunzi mapema kabla hajakulipa.

Vivyo hivyo, mhuri hauzalishi haki. Kiapo cha kubadili jina hakimalizi kazi; hati ya kubadili jina inapelekwa kusajiliwa. Mkataba uliosainiwa mbele yako bila kulipiwa ushuru wa stempu utakwama ukitolewa mahakamani kama ushahidi, hadi ushuru ulipwe.

Kuhusu mipaka ya nchi, Zanzibar ina sheria zake na mawakili wake. Usivuke na mhuri wa Bara. Kenya nako unotari, yaani uthibitishaji wa umma, na ukamishna wa viapo ni teuzi mbili tofauti, kwa hiyo hati ya kutoka huko isome aliyesaini ana cheo gani. Hati inayokwenda ng'ambo kwa kawaida hupitia Wizara ya Mambo ya Nje kisha ubalozi husika, na mteja akijua hilo hatakata tiketi ya keshokutwa.

Nunua daftari la kaunta. Kila mhuri upate mstari wake: namba, tarehe, jina, kitambulisho, aina ya hati, ada, saini ya mteja. Sheria haikulazimishi kulipanga hivyo, lakini siku polisi watakapokuja na hati yenye mhuri unaofanana na wako, utaanzia hapo.